Wasomaji Wanauliza: Mazoezi ya Kompyuta Yanapoingia Katika Skrini ya Kamanda

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu majeshi yanayowafunza makamanda wao kwa vita vya kompyuta, na tukagusia kwa sentensi moja tu kwamba siku hizi programu hizo huunganishwa na mitambo ileile ya mawasiliano na ramani ambayo makamanda hao wangeitumia vitani. Sentensi hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumechagua sita, na tumezifupisha pale ilipobidi.

Swali: Ndugu Mhariri, ikiwa jeshi lina programu ya kuiga vita upande mmoja na mtandao wa amri upande wa pili, na vyote viwili ni kompyuta, kuna ugumu gani wa kuviunganisha? Shuleni kwetu tuliunganisha kompyuta arobaini kwa kebo na swichi, na kazi ikaisha kabla ya saa sita mchana. – Mwalimu wa kompyuta, Morogoro

Jibu: Mwalimu, kebo ndiyo sehemu rahisi. Ili kuuona ugumu ulipo, tazama kwanza jinsi zoezi la makao makuu linavyoendeshwa pasipo muunganisho wowote. Kamanda wa brigedi na maofisa wake wamekaa hemani, na mbele yao upo mfumo wa amri na udhibiti, yaani ramani ya kielektroniki yenye alama za vikosi, sanduku la ujumbe, fomu za kuomba mizinga na hesabu za ugavi. Porini hakuna askari hata mmoja. Vita vyenyewe vinapiganwa ndani ya programu iliyo katika jengo jingine, na programu hiyo haiwezi kuisoma amri ya kamanda.

Kwa hiyo katikati huwekwa watu. Ofisa anayejifanya kamanda wa kombania hupokea amri kwa redio au kwa maandishi, huielewa, kisha humwagiza opereta aliyeketi kando yake avisogeze vifaru kumi na vinne kutoka njia panda hadi ukingo wa mto. Risasi zikianza kulia humo kompyutani, opereta huona kwamba vifaru vitatu vimeungua, ofisa huandika taarifa, na taarifa hupelekwa hemani kana kwamba imetoka medani. Mchana kutwa watu hao hugeuka na viti vyao kutoka skrini moja kwenda nyingine. Katika mazoezi makubwa ya divisheni na kori, yaani vikosi vikubwa vinavyojumuisha brigedi kadhaa, kama yale yanayosimamiwa kutoka Fort Leavenworth, Kansas, kwa mpango ulioanzishwa mwaka 1987, watu wa namna hiyo hufika mamia, na wao wenyewe si wanaofunzwa.

Muunganisho unalenga mambo mawili: kuwapunguza watu hao wa kati, na kumwacha kamanda ajifunze kwenye skrini ileile atakayoitumia siku ya vita. Wahasibu wa majeshi hulipenda lengo la kwanza. Mimi naona la pili ndilo zito, kwa sababu ofisa aliyezoea kupata habari zake kwa karatasi anazoletewa na mwenzake hujifunza kuisubiri karatasi, na vitani karatasi hiyo haitakuja. Lakini kuna jambo ambalo wanaoshabikia muunganisho hawalisemi sana. Yule opereta mzoefu alikuwa akizirekebisha amri mbovu kimyakimya. Kamanda aliandika jambo lenye utata, opereta akakisia alichokusudia, vita vikaendelea, na kamanda hakupata kujua kwamba amri yake ilikuwa na utata. Ukimwondoa mtu huyo, kosa hubaki wazi mezani, na mashine itasimama au itafanya kichekesho. Kwa upande wa mafunzo hiyo ni faida. Kwa mhandisi anayetakiwa kuifanya mashine ielewe, hapo ndipo kazi inapoanzia.

Swali: Enzi zetu tulijifunza kwa meza ya mchanga, vijiti na kamba, na mwamuzi wetu alikuwa meja mkali asiyepokea visingizio. Hizo mashine zinafundisha nini ambacho meza ya mchanga haikufundisha? – Kapteni mstaafu, Tabora

Jibu: Shikamoo Mzee. Kwa kuwa umemtaja mwamuzi, nitaanzia kwake, maana historia yote ya jambo hili inaweza kusimuliwa kupitia kiti chake.

Mwaka 1824 luteni mmoja wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alilipatia jeshi hilo mchezo wa vita wa mezani uliochezwa juu ya ramani ya kipimo cha 1:8000, ambamo kila zamu ilihesabiwa kuwa dakika mbili za vita. Ubora wake haukuwa katika dadu au vipande vya kuchezea. Wachezaji hawakuvisogeza vipande wao wenyewe, bali waliandika amri na kumkabidhi mwamuzi, naye aliweka juu ya ramani vile vikosi tu ambavyo upande husika ungeweza kuviona. Jeshi la adui lililojificha nyuma ya msitu alilijua yeye peke yake. Amri ya kwenda kwa kikosi cha mbali aliichelewesha kwa muda ambao tarishi wa farasi angehitaji.

Kwa hiyo mwamuzi alikuwa mkalimani wa amri, na papo hapo alikuwa mlinzi wa ukungu wa vita. Programu ya leo inajua kila kitu: kila kifaru kilipo, kimebakiza risasi ngapi, dereva wake yu hai au amekufa. Mhandisi mzembe akiufungua mfereji wote kuelekea kwenye ramani ya kamanda, kamanda ataona vita kwa jicho ambalo hakuna binadamu aliyewahi kuwa nalo, na atatoka zoezini akijiona hodari. Muunganisho mzuri huchuja. Magari ya upande wake huonekana kwa sababu vitani yangejitangaza yenyewe kwa vifaa vinavyotambua mahali yalipo kwa ishara za satelaiti, adui huonekana pale tu ambapo doria, rada au ndege isiyo na rubani ingemwona, na hata hapo taarifa huchelewa kidogo na hesabu zake hukosea kidogo, kama zinavyokosea taarifa za watu wenye hofu. Meja wako alifanya yote hayo kichwani. Mashine inamzidi kwa wingi wa vikosi inavyoweza kuvifuatilia kwa wakati mmoja, lakini kwa hukumu bado anaizidi.

Swali: Nasoma uhandisi wa programu. Mifumo hii huzungumza kwa lugha gani? Je, ipo itifaki moja inayotumiwa na wote? – Mwanafunzi, Nairobi

Jibu: Zipo itifaki kadhaa, yaani kanuni za mazungumzo kati ya kompyuta, na inafaa kutofautisha lugha ya programu za uigaji zinapozungumza zenyewe kwa zenyewe na lugha ya programu hizo zinapozungumza na mfumo wa amri. Ya kwanza ilipatikana mapema zaidi. Katika miaka ya 1980 DARPA, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, iliendesha mradi ulioitwa SIMNET, uliounganisha mashine za kuwafunzia wapiganaji wa vifaru ili wapigane pamoja katika uwanja mmoja wa kubuni. Hila iliyowezesha jambo hilo kwa mitandao dhaifu ya wakati ule ni rahisi na ya kupendeza: kila mashine hukisia wenzake walipo kwa kuangalia walikokuwa wakielekea na kasi yao, na mwenye kifaru hutuma ujumbe mpya pale tu anapoona kwamba makisio hayo yameanza kupotoka. Kutoka hapo kikazaliwa kiwango cha DIS, kilichopitishwa na IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme na elektroniki, kwa namba 1278 mwaka 1993, ambacho humtaka hata aliyesimama tuli atangaze kila baada ya sekunde tano hivi kwamba bado yupo. Baadaye ikaja HLA, iliyopewa namba 1516 mwaka 2000, ambayo huziunganisha programu kama shirikisho, na husimamia hata mwendo wa saa kati yao.

Lakini katika lugha hizo kinachosemwa ni kidogo: niko hapa, nimefyatua, nimepigwa. Mfumo wa amri husema mambo mengine kabisa. Amri ya vita ya majeshi ya NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ina sehemu tano, yaani hali, jukumu, utekelezaji, ugavi, kisha uongozi na mawasiliano, na kiini chake huandikwa kwa nathari ya kawaida ambayo ofisa mmoja humwandikia ofisa mwenzake. Hapo programu hubaki bubu.

Chukua mfano wa Kiswahili. Kamanda anasema, "Kichukueni kile kilima kabla ya alfajiri." Kukichukua kwa kumfukuza aliyepo, au kwa kupanda tu na kukalia kwa kuwa hakuna mtu? Au anachotaka ni kwamba kilima kibaki salama mpaka kikosi kingine kipite, hata kama hakuna askari wake atakayekanyaga kileleni? Jeshi la Marekani lina vitenzi vitatu tofauti kwa maana hizo tatu, kila kimoja na fasili yake katika vitabu vya mafunzo, kwa sababu kila kitenzi huita mpango tofauti, risasi tofauti na muda tofauti. Ofisa akivichanganya, mwenzake atamuuliza. Programu haiulizi. Itakifanya kile kitenzi kilichoandikwa, kwa utiifu wa kutisha.

Ndiyo maana tangu mwanzoni mwa karne hii watafiti walianza kutengeneza lugha ya amri ambayo mtu anaweza kuisoma na mashine inaweza kuitekeleza, iliyojengwa juu ya maswali matano: nani, afanye nini, wapi, lini na kwa nini. Vikundi vya utafiti vya NATO, kile chenye namba 048, kisha 085, kisha 145, viliijaribu kwa kuunganisha mifumo ya amri ya nchi mbalimbali na programu za uigaji za nchi nyingine, na Chuo Kikuu cha George Mason huko Virginia kikatoa seva ya wazi ya kupokea na kugawa ujumbe huo. Matokeo yake ni kiwango kinachoitwa C2SIM, ambacho shirika la viwango vya uigaji, SISO, lilikipitisha mwaka 2020. Ndani yake msamiati umepangwa kwa ngazi: kiini kinachowafaa wote, nyongeza ya kijeshi juu yake, kisha nyongeza ya vita vya nchi kavu. Nchi inayotaka kuongeza maneno ya wanamaji au ya uokoaji haivunji nyumba, inajenga chumba.

Sehemu ya C2SIM ambayo wageni huipuuza, na ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyookoa muda mwingi zaidi, ni ile ya maandalizi. Kabla ya zoezi kuanza, pande zote mbili lazima ziwe na orodha moja ya vikosi, silaha, mahali na vitambulisho. Zamani watu waliingiza orodha hizo kwa mkono mara mbili, mara moja kwenye uigaji na mara moja kwenye mfumo wa amri, na tarakimu moja ikikosewa kombania moja ilizaliwa pacha: moja inayopigana bila kuonekana kwenye ramani, na nyingine inayoonekana kwenye ramani lakini haisogei.

Kati ya yale maswali matano, manne ya kwanza programu inayamudu. La tano, "kwa nini", bado ni gumu. Luteni aliyeambiwa avuke daraja ili azibe barabara ya nyuma akikuta daraja limebomolewa atatafuta kivuko kingine, maana anajua shabaha ni barabara. Programu nyingi zitafika ukingoni na kusimama hapo zikingoja daraja.

Swali: Mdogo wangu ni askari huku Marekani. Aliniambia kwamba katika zoezi moja saa ilirudishwa nyuma, waliokufa wakafufuka, na makao makuu yakavurugika siku nzima. Nilidhani ananitania. – Msomaji, Columbus, Ohio

Jibu: Hakukutania, dada. Programu ya uigaji huhifadhi hali yake kila baada ya muda, kama unavyohifadhi barua unayoiandika. Mitambo ikianguka, au msimamizi akiona kwamba vita vimekwenda kombo na somo lililokusudiwa halipatikani, hurudisha hali ya saa tatu zilizopita na kuanza tena kutoka hapo. Kwa programu hilo ni jambo la dakika chache.

Mfumo wa amri haukutengenezwa kwa ajili hiyo, kwa kuwa vitani saa hairudi. Umekwisha pokea taarifa kwamba batalioni ya pili imeteketea, umekwisha zigawa kwenye kompyuta za makao makuu mengine, maofisa wa ugavi wamekwisha futa mafuta yake kwenye hesabu, na daktari wa brigedi amekwisha omba helikopta. Sasa batalioni hiyo inaanza tena kutuma taarifa ikiwa nzima. Baadhi ya skrini zitaionyesha mara mbili, nyingine zitakataa taarifa mpya kwa kuwa saa iliyoandikwa juu yake ni ya zamani kuliko ile zilizo nayo, na hapo unapata majeshi ya mizimu yanayozurura kwenye ramani hadi mtu ayafute moja moja kwa mkono. Wazoefu huzuia hali hiyo kwa kuhifadhi mfumo wa amri pamoja na uigaji kwa wakati mmoja, ili vyote virudi pamoja. Hilo linawezekana pale tu ambapo kila kompyuta iliyopokea data hizo iko chini ya mamlaka ya msimamizi wa zoezi, na katika mtandao unaotumika kwa kazi halisi sivyo ilivyo.

Swali: Mimi si mtaalamu, lakini nimeingiwa na hofu. Kama vita vya uongo vinapita katika mitambo ya vita vya kweli, ni nani atakayehakikisha kwamba hakuna mtu atakayeamka usiku akaamini? – Muuguzi, Mombasa

Jibu: Hofu yako ina ushahidi, dada yangu. Tarehe 9 Novemba 1979, skrini za NORAD, kamandi ya Marekani na Kanada ya ulinzi wa anga iliyokuwa na kituo chake ndani ya mlima wa Cheyenne huko Colorado, zilionyesha kwamba Umoja wa Kisovyeti umerusha makombora mengi ya nyuklia kuelekea Marekani. Picha hiyohiyo ilionekana Pentagon, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi, na katika makao makuu ya ndege za nyuklia. Ndege za kivita zikapaa. Ikapaa pia ile ndege maalumu ambayo rais angeongozea vita akiwa angani, ingawa rais mwenyewe hakuwamo. Maofisa walipowasiliana na vituo vya rada na vya satelaiti, hakuna kilichoonekana, na baada ya dakika chache ikajulikana kwamba data za mazoezi zilikuwa zimeingia katika mfumo hai wa tahadhari. Leonid Brezhnev, kiongozi wa Umoja wa Kisovyeti, alimwandikia Rais Jimmy Carter kulalamika.

Marekani ilijibu kwa kujenga kituo cha majaribio nje ya mlima, katika mji wa Colorado Springs, ili programu na kanda za mazoezi zisiendeshwe tena kwenye kompyuta zilizo kazini. Lakini mwaka uliofuata, tarehe 3 na tarehe 6 Juni 1980, tahadhari za uongo zikarudi, na mara hii mazoezi hayakuhusika. Ili kuthibitisha kwamba njia za mawasiliano ziko hai, NORAD ilikuwa ikituma wakati wote ujumbe wenye umbo lilelile la ujumbe wa shambulio, ila mahali pa idadi ya makombora paliwekwa sifuri. Kijisehemu kimoja cha kielektroniki, cha bei ya senti 46, kikaharibika, na mahali pa sifuri pakaanza kuonekana tarakimu nyingine. Ningekuwa mwalimu wa wahandisi wa muunganisho, ningelianza somo la kwanza kwa kisa hicho cha pili, kwa sababu kinaonyesha kwamba hatari iko katika umbo: ujumbe usio wa kweli uliofanana na wa kweli kwa kila kitu isipokuwa tarakimu moja.

Leo zipo alama za kuutenga ujumbe wa mazoezi. Ujumbe wa maandishi wa NATO huanza kwa mstari unaotaja ama jina la zoezi ama jina la operesheni. Katika itifaki ya DIS kila pakiti hubeba namba ya zoezi lake. Kwenye ramani, kikosi cha mazoezi huwekewa herufi X kando ya alama yake, na katika ulinzi wa anga rafiki anayeigiza adui ana jina lake maalumu na herufi yake, ili asije akatunguliwa na wenzake. Yote hayo ni mazuri, lakini alama husaidia pale tu inaposomwa. Tarehe 13 Januari 2018, ofisi ya dharura ya jimbo la Hawaii ilifanya zoezi la ndani, na maneno ya zoezi yaliyosomwa kwa simu yalikuwa na neno "zoezi" likirudiwa mwanzoni na mwishoni, ila katikati kukawa na sentensi isemayo kwamba hili si zoezi. Mfanyakazi mmoja akaamini sentensi ya katikati, akatuma tahadhari ya kombora kwa simu za watu wote jimboni, na ikachukua dakika 38 kuisahihisha kwa njia ileile.

Kwa hiyo jibu la kawaida ni kutenganisha. Wanachokifanya wengi ni kuweka mtandao pacha: kompyuta za aina ileile, programu zilezile, hema lilelile, lakini nyaya zisizofika popote penye operesheni. Pale ambapo data lazima zivuke, kwa mfano hali halisi ya hewa au mahali vilipo vikosi vya kweli, huwekwa lango linalopitisha upande mmoja tu. Unaona mara moja kwamba hapo tumejinyima sehemu ya kile tulichokitafuta, maana kamanda hatumii mtandao wake halisi bali ndugu yake. Mimi naukubali upungufu huo bila kusita. Panapotumika silaha halisi ningekuwa mkali zaidi. Mfumo unaopeleka ombi la mizinga kutoka kwa mwangalizi hadi kwenye bunduki kubwa hautofautishi mwangalizi wa nyama na damu na mwangalizi wa kompyuta, na rubani aliye angani akiingiziwa kwenye rada adui wa kubuni anaweza kumkwepa huyo asiyekuwapo akaingia katika njia ya ndege iliyopo. Katika mazoezi ya namna hiyo pembeni hukaa mtu wa usalama mwenye mamlaka ya kusimamisha kila kitu kwa neno moja. Kwa lugha ya Mzee wetu wa Tabora, huyo ni mwamuzi, na hajastaafu.

Swali: Nina maswali mawili. Kwanza, kwa nini mnaandika "uigaji" na si "uigizaji"? Pili, je, majeshi ya Afrika Mashariki yana haja ya mambo haya? – Msomaji, Arusha

Jibu: Uigizaji tumeuachia jukwaa, ambako mtu hujivika nafsi ya mwingine ili watazamaji waone. Uigaji ni kunakili jinsi kitu kinavyokwenda, hata kama hakuna mtazamaji, kama mwanamaji anavyofanya hesabu ya maji kujaa na kupwa. Tunakiri kwamba baadhi ya wataalamu husema "mwigo", nasi hatuna ugomvi nao.

Kuhusu la pili, majeshi ya Jumuiya yana zoezi lao la pamoja, Ushirikiano Imara, ambalo pengine hufanywa kama zoezi la makao makuu na pengine kama la medani, na shida ya mseto wa nchi ndiyo hasa iliyoisukuma NATO kutafuta C2SIM: kila nchi na mfumo wake, kila jeshi na mazoea yake ya kuandika amri. Kwetu yapo majeshi yaliyolelewa kwa vitabu vya Kiingereza na yaliyolelewa kwa vitabu vya Kifaransa, na maofisa wake wakikutana chaiani huelewana kwa Kiswahili kisichokuwa na fasili za kijeshi zilizokubaliwa. Programu inaweza kununuliwa au kupatikana bure. Fasili haziletwi na muuzaji. Ningependa kuona kwanza ukurasa mmoja wa vitenzi, kuteka, kukalia, kulinda, kuzuia, kuchelewesha, kila kimoja na maana moja kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, uliojaribiwa juu ya meza ya mchanga na maofisa wa nchi tatu wasiofahamiana. Jaribio hilo halihitaji umeme, na kama kilima kimoja kitapata tafsiri tatu, itajulikana kabla ya chai ya saa nne.